Shajara ya mradi: askari wa shoka refu, kutoka madhara 17 hadi 27 kwa raundi

Mradi huu unahusu Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la 5, kwa kanuni za mwaka 2014. Tunatafuta jibu la swali moja: askari wa ngazi ya 5, asiyechanganya taaluma na asiye na silaha ya kichawi, anaweza kutoa madhara kiasi gani kwa raundi, na analipa nini? Lengo ni 25 kwa raundi dhidi ya adui mwenye kinga 15, yaani d20 (dadu ya pande 20) pamoja na bonasi ya kulenga lazima ifikishe 15 ndipo pigo lipate. Kinga hiyo hatukuiokota tu. Jedwali la kutunga viumbe lililo kwenye mwongozo wa mwendeshaji wa mchezo linawapa viumbe wa ugumu wa 5 kinga 15, uhai 131 hadi 145 na bonasi ya kulenga +6.

Anayetaka kurudia kazi hii aanze na jedwali la hesabu lenye safu nne tu, moja kwa kila herufi ya hesabu iliyo hapa chini. Makosa yetu mengi yalitoka kwenye jedwali, si mezani.

Machi 3: Msingi

Mhusika ni binadamu wa aina inayopata kipaji (uwezo maalumu wa kuchagua) ngazi ya 1. Pointi 27 za kununulia sifa ziligawanywa hivi: Nguvu 15, Ustahimilivu 15, Wepesi 12, Busara 12, Akili 9, Haiba 8. Nyongeza mbili za binadamu zinaingia kwenye Nguvu na Ustahimilivu, kila moja inafika 16. Mtindo wa kupigana ni ule wa silaha kubwa: dadu ya madhara ikitoka 1 au 2, unairusha tena.

Hesabu ya kila shambulio:

p × (D + M) + k × D

p ni uwezekano wa kupiga, nao ni (21 + bonasi ya kulenga − kinga) ÷ 20. D ni wastani wa dadu za silaha. M ni nyongeza isiyobadilika, yaani ya Nguvu (16 inatoa +3, 18 inatoa +4) na chochote kinachoongezwa juu yake. k ni uwezekano wa pigo kuu, yaani d20 kutoka 20, nao ni 0.05 ukirusha d20 moja.

Kwa mtindo wa silaha kubwa wastani wa dadu unakuwa hivi: d4 (dadu ya pande 4) ni 3.0, d6 ni 4.17, d10 ni 6.3. Upanga mkubwa wa 2d6, yaani d6 mbili, unatoa 8.33.

Mfano wa kulinganishia: upanga mkubwa, kipaji cha ngazi ya 1 kisichohusu madhara, na ngazi ya 4 imetumika kupandisha Nguvu hadi 18. Bonasi ni +7, p ni 0.65. Shambulio moja linatoa 8.43, na mawili anayopata askari wa ngazi ya 5 kwa raundi yanatoa 16.87.

Machi 5: Makosa mawili yaliyoongeza chumvi

Jedwali la kwanza lilisema 18.2, si 16.87. Chanzo kilikuwa viwili.

Kwanza, tuliandika d6 kana kwamba inarushwa mpaka itoke 3 au zaidi, ndiyo maana 2d6 ilisoma 9.0. Kanuni inaruhusu kurudia mara moja tu, na namba ya pili unaichukua hata ikiwa 1. Pili, pigo kuu lilikuwa linazidisha kila kitu mara mbili. Kinachozidishwa ni dadu peke yake. M inabaki ilivyo, na ndiyo sababu sehemu ya mwisho ya hesabu ni k × D, si k × (D + M).

Kosa la pili linaonekana dogo kwa upanga, lakini lina sumu kwa kazi inayofuata. Mhusika mwenye M ya 13 na mashambulio matatu anapata madhara hewa 1.95 kwa raundi, tofauti inayotosha kugeuza uamuzi wa kipaji kipi kichukuliwe.

Jambo jingine la kuangalia hapohapo: kurudia dadu kunahusu dadu za silaha pekee. Dadu za mbinu (tutazifikia Machi 19) na nyingine zinazoongezwa juu yake hazirudiwi.

Machi 9: Vipaji viwili vinavyogombea nafasi moja

Cha kwanza ni Great Weapon Master, ambacho humu tunakiita kipaji cha silaha nzito: unakubali −5 kwenye kulenga ili upate +10 kwenye madhara. Cha pili ni Polearm Master, tunachokiita kipaji cha mpini: ukishambulia kwa shoka refu (halberd, d10), unaongeza shambulio la kitako cha mpini (d4) kwa kitendo cha ziada, na adui akiingia kwenye ufikio wako unampiga kwa mwitiko, yaani nje ya zamu yako.

Tulijaribu kimoja kimoja, Nguvu 18, ngazi ya 5, kinga 15.

Upanga mkubwa na kipaji cha silaha nzito: p inashuka hadi 0.40, kila pigo linabeba 22.33, raundi inatoa 18.70.

Shoka refu na kipaji cha mpini: mashambulio mawili ya 7.01 na kitako cha 4.70, raundi inatoa 18.72.

Kwa namba hizi ni sare. Adui akifika kinga 18, sare inavunjika vibaya: shoka linatoa 14.58, upanga wenye −5 unatoa 12.00, na upanga uleule bila −5 unatoa 13.17. Kwa hiyo kipaji cha mpini ndicho cha kuanza nacho ngazi ya 1. Hakiombi adui awe laini ndipo kifanye kazi.

Kanuni ya kichwani ya kujua lini ukubali −5: chukua 16, ongeza bonasi yako ya kulenga, toa nusu ya madhara ya kawaida ya pigo lako. Kinga ya adui isipozidi hapo, kubali. Kwa upanga ulio juu, 16 + 7 − 6.17 ni 16.83, maana yake kinga 16 kushuka chini.

Machi 12: Vyote viwili pamoja, na kwa nini havikutosha

Ngazi ya 4 sasa inachukua kipaji cha silaha nzito badala ya Nguvu 18. Bonasi ya kulenga ni +6, na ukikubali −5 p ni 0.35. Shambulio la shoka linabeba 19.3 na linatoa 7.07. Kitako kinabeba 16 na kinatoa 5.75. Raundi nzima: 19.89.

Hapa kulikuwa na kosa jingine. Kipaji cha silaha nzito kinakupa shambulio la ziada ukipata pigo kuu au ukimwangusha adui, na jedwali lilikuwa limeliongeza juu ya kitako. Yote mawili yanatumia kitendo cha ziada, na kwa zamu unacho kimoja tu. Faida halisi ya pigo kuu ni kubadilisha kitako cha 5.75 kwa pigo la shoka la 7.07, jambo linalotokea zamu chini ya moja kati ya kumi. Badala ya 0.69 iliyokuwa jedwalini, ni 0.13. Tumeiacha nje ya hesabu zote zinazofuata.

Ukiangalia kwa makini, vipaji viwili vimeshinda kimoja kwa 1.17 tu. Na kwa kinga 16 mambo yanageuka: vipaji viwili 17.16, kipaji cha mpini na Nguvu 18 ni 17.34. Kwa kinga 17 ni 14.43 dhidi ya 15.96. Anayepigana bila msaada wa wenzake asinakili hatua hii. Apandishe Nguvu.

Tatizo si uzito wa pigo. Pigo ni zito mno, ila halifiki.

Machi 16: Kulenga kwanza. Baraka

Hesabu iliyotufungua macho ni hii: kila +1 ya kulenga ina thamani gani kwa raundi? Kwa mhusika wa kipaji cha mpini peke yake ni 1.38. Kwa mwenye vyote viwili ni 2.73, karibu mara mbili. Anayebeba +10 kwenye kila pigo ndiye anayefaidika zaidi na chochote kinachopandisha p.

Cha bei nafuu kuliko vyote ni uchawi wa ngazi ya 1 uitwao Bless, kwetu Baraka: watu watatu wanaongeza d4 kwenye kila kulenga, kwa dakika moja, yaani raundi 10. d4 ina wastani wa 2.5, p inapanda kutoka 0.35 hadi 0.475, na raundi inatoa 26.7. Lengo limefikiwa, kwenye karatasi. Yule wa kipaji kimoja na Nguvu 18 kwa Baraka hiyohiyo anaishia 22.2.

Mezani kuna tundu. Kuhani akipata zamu baada ya askari, raundi ya kwanza inapigwa bila Baraka. Pambano la raundi tatu linakuwa na wastani wa 24.4, chini ya lengo. Wazo la askari kusubiri kwa kutayarisha kitendo tulilijaribu na kulitupa. Shambulio lililotayarishwa linatoka kwa mwitiko na ni moja tu, kwa sababu shambulio la pili la ngazi ya 5 linafanya kazi kwenye zamu yako mwenyewe. Kitako nacho kinapotea. Unaacha 19.89 upate pigo moja la 9.48.

Dawa ni kuhani kuita Baraka kabla mlango haujafunguliwa, kila mnapojua kuna adui upande wa pili. Dakika moja inatosha pambano. Gharama ni kitendo chake kimoja na umakinifu wake: akidhurika anajaribiwa Ustahimilivu, akishindwa Baraka inakatika kwa watu wote watatu. Asisimame mstari wa mbele.

Machi 19: Ngwara iliyotugeukia

Ngazi ya 3 askari alichagua njia ya mbinu za vita: dadu nne za d8, zinazorudi kila baada ya pumziko fupi. Mbinu ya kwanza kujaribiwa ilikuwa ngwara. Ukipiga, unaongeza d8 kwenye madhara, na adui asipofikisha 14 kwenye jaribio la Nguvu anaanguka chini. Adui aliyeanguka anashambuliwa kwa faida, yaani unarusha d20 mbili na kuchukua kubwa. Kwa faida, p ya 0.35 inakuwa 0.58 na shambulio la shoka linapanda kutoka 7.07 hadi 11.76. Hapo tuliona tumeshamaliza kazi.

Kisha tukapanga miraba. Shoka refu linafika futi 10, kwa hiyo askari husimama na mraba mmoja mtupu kati yake na adui. Adui anaanguka. Kanuni ya aliyeanguka inatoa faida kwa aliye ndani ya futi 5 tu. Aliye mbali zaidi anapewa kikwazo, yaani d20 mbili na anachukua ndogo. Askari wetu, aliyesimama palepale alipopigia ngwara, p yake inakuwa 0.12 na shambulio linatoa 2.38. Amemwangusha adui akapoteza theluthi mbili ya madhara yake mwenyewe, na wapiga mishale wa kundi wameharibikiwa pamoja naye.

Marekebisho ni hatua moja ya mraba mbele mara baada ya ngwara, kabla ya shambulio la pili. Acha mwendo wa akiba kwa ajili hiyo, usiumalize wote ukimfikia adui.

Hatua hiyo ina bei yake. Adui aliye mraba wa jirani yuko tayari ndani ya ufikio wako, hawezi kuuingia tena, hivyo mwitiko wa kipaji cha mpini hauna pa kutokea. Kuurudisha lazima urudi nyuma hadi futi 15, si 10, na ukiondoka kwenye ufikio wake yeye anapata nafasi ya kukupiga, ingawa akiwa bado chini anapiga kwa kikwazo. Uamuzi wetu: ngwara inapigwa pale tu wenzako wawili au zaidi wamemzunguka adui bega kwa bega na zamu zao zinakuja kabla yake.

Machi 23: Dadu za mbinu ziende kwenye kulenga

Mbinu ya pili inaongeza d8 kwenye kulenga, na unaweza kuamua baada ya kuona d20 ilivyotua. Hapa ndipo dadu inapozaa. Ukikosa kwa 1, d8 inaokoa pigo kila mara. Kwa 2 ni asilimia 87.5, kwa 3 ni 75, kwa 4 ni 62.5. Wastani wa hayo manne ni asilimia 81, na pigo linalookolewa lina 19.3. Dadu moja inarudisha 15.7. Dadu hiyohiyo ikitumika kuongeza madhara inarudisha 4.5.

Kosa la majaribio ya mwanzo lilikuwa kuitumia kwa kila kukosa. Ukikosa kwa 7 una nafasi moja kati ya nne, kwa 8 moja kati ya nane, na dadu zinaisha kabla ya raundi ya tatu. Mpaka tuliouweka ni kukosa kwa 4. Ukiuheshimu, nafasi ya kuitumia inatokea mara 0.6 kwa raundi, dadu nne zinatosha raundi sita au saba, na kila raundi inaongezeka 8.9. Pamoja na Baraka tunasoma 35.6 muda wote dadu zikiwepo.

Lakini kinga ya adui mwendeshaji haitaji. Andika pembeni jumla kubwa iliyokosa na jumla ndogo iliyopiga. 13 imekosa na 16 imepiga? Kinga ni 14, 15 au 16, na unajua 12 inafaa kuokolewa na 8 haifai. Shambulio la kwanza la pambano lisilipiwe dadu, hapo bado unapapasa.

Kuhusu kitendo cha pili cha askari, kile cha mara moja kwa pumziko: kinaongeza mashambulio mawili ya shoka, basi. Kitako hakirudiwi. Jedwali lilikuwa na mashambulio sita kwenye zamu hiyo. Ni matano, na jumla bila Baraka ni 34.0.

Machi 27: Wastani unapodanganya

Goblini ana kinga 15 na uhai 7. Kwa jedwali letu, kumpiga kwa −5 na +10 ni bora, kwa sababu 7.07 inazidi 5.90. Ila goblini hana uhai 19 wa kupoteza. Swali sahihi kwake ni uwezekano wa kumwangusha kwa pigo moja: bila −5 ni asilimia 51, ukiikubali ni 35.

Tumeongeza safu ya tano: uhai uliobaki wa adui. Pigo la kawaida likitosha kumaliza, −5 haikubaliwi, hata kinga iwe chini kiasi gani. Hili ni muhimu zaidi mwisho wa pambano kubwa, adui akishachechemea.

Machi 30: Bili

Mikono yote miwili iko kwenye mpini, kwa hiyo hakuna ngao. Deraya ya vibanzi vya chuma inatoa kinga 17 kwa sarafu 200 za dhahabu, shoka ni 20. Adui wa ugumu wa 5 mwenye +6 anampiga mara 50 kwa 100. Kwa ngao ingekuwa 40. Maana yake ni robo zaidi ya madhara yanayoingia, pambano zima. Nguvu 16 badala ya 18 ni gharama nyingine: majaribio ya Nguvu na ugumu wa kuzuia ngwara vyote viko chini kwa 1.

Pumzi ya pili, ile ya kujiponya d10 + 5, nayo inakula kitendo cha ziada. Unarudisha uhai 10.5 na kuacha kitako cha 5.75. Ni biashara nzuri, mradi uifanye ukiwa umeshapoteza uhai huo. Kuitumia mapema ni kumwaga.

Na muda: zamu moja ina d20 tatu, d4 tatu za Baraka, dadu za madhara na za kurudia. Rusha d20 na d4 zote tatu kwa mpigo, kila jozi kwa rangi yake, ukishatangaza rangi ipi ni kitako. Usifanye hivyo pale adui anapoweza kufa katikati ya zamu.

Aprili 6: Ngazi ya 6 na ya 8

Ngazi ya 6, Nguvu 18: raundi inatoa 23.8 bila msaada wowote, ongezeko la asilimia 20. Ilipimwa dhidi ya kipaji cha tatu cha kumzuia adui asiondoke, na Nguvu ikashinda kwa sababu ileile ya Machi 16. Ngazi ya 8, Nguvu 20: 28.1 kwa kinga 15. Viumbe wa ugumu wa 8 wana kinga 16, na kwao ni 25.0.

Mipaka ya kukubali −5 bila Baraka wala faida, ya kunakili kwenye karatasi ya mhusika: ngazi ya 5, shoka kinga 17 kushuka chini, kitako 19. Ngazi ya 8, shoka 18, kitako 20. Baraka ikiwepo, ongeza 2 kwenye kila namba.

Kwa wanaocheza kanuni zilizosahihishwa za mwaka 2024, namba hizi hazihamishiki. Huko kipaji cha silaha nzito hakina tena −5 na +10, kinaongeza bonasi ya ustadi kwenye madhara. Vipaji hivi viwili vinaanzia ngazi ya 4, na mtindo wa silaha kubwa unahesabu 1 na 2 kama 3, hivyo d10 inakuwa 5.8 badala ya 6.3. Jedwali lake linahitaji kuanza upya kutoka safu ya D.